Vichuguu vya Katanga na Ndege Zilizoishiwa Nguvu

Mji wa Lubumbashi, ulioanza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville pale reli iliyotoka kusini ilipoifikia Katanga, nchi ya shaba ya Kongo, umegawanywa katika komini saba, na katika hizo sita zimekaa ndani, nyumba kwa nyumba na barabara kwa barabara, ilhali ya saba, iitwayo Annexe, imezizunguka kama taraza izungukavyo shingo ya kanzu. Jina lenyewe ni la Kifaransa, na maana yake ni kitu kilichotiwa ubavuni mwa kingine, mfano wa banda la uani lililoongezwa baada ya nyumba kubwa kwisha kujengwa. Lakini banda hili lina upana kuliko nyumba, maana ndani yake mna Kasapa penye Chuo Kikuu, mna Kimbeimbe, Kasungami, Kalebuka, Kisanga, Naviundu na Luwowoshi, na mna pia kiwanja cha ndege cha Luano, kilicho katika kimo cha mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari.

Abiria aliyebahatika kukaa dirishani, ndege inaposhuka Luano wakati wa kiangazi, huona kwanza misitu ya miombo iliyoungua chini kwa moto wa majani, kisha huona kati ya miti ile vilima vya duara vyenye vichaka utosini, vimetawanyika kwa mpango kama kwamba kuna mtu aliyevipanda kwa kamba na vigingi. Hivyo ni vichuguu, kazi ya mchwa, na mgeni aliyezoea vichuguu vya kumfika mtu kiunoni hutaabika kusadiki anachokiona, kwa sababu vile vya Katanga ya Juu hufikia kimo cha mita 8 na upana wa mita 15 kwenye kitako chake, na katika hekta moja ya msitu huwamo vitatu hata vitano. Mvua za kwanza zinaponyesha hutoka humo kumbikumbi, nao ni kitoweo ambacho watu wa nchi ile hawakibadili kwa nyama; lakini kwa rubani aliye hewani, ambaye injini yake imenyamaza, kichuguu ni kitu kingine kabisa, na nia yangu katika maandishi haya ni kueleza jinsi historia ya urukaji katika nyanda hizi ilivyofungamana na vichuguu hivyo, na pamoja navyo jembe lililoviondoa.

Najua kwamba historia ya Luano husimuliwa aghalabu kwa habari za wakuu. Ni hapo, tarehe 12 Julai 1960, siku moja baada ya Moïse Tshombe kutangaza kwamba Katanga imejitenga, ndege iliyowachukua Rais Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Lumumba ilipokatazwa kutua. Ni hapo, tarehe 17 Januari 1961, Lumumba aliposhushwa amefungwa pamoja na wenzake Mpolo na Okito, asilione tena jua la kesho yake. Na ni kutoka hapo, asubuhi ya tarehe 17 Septemba mwaka huo huo, ndege ya Umoja wa Mataifa ilipoondoka ikipigwa risasi, ikatengenezwa Leopoldville, kisha alasiri ikamchukua Katibu Mkuu wa Umoja huo, Dag Hammarskjöld, kwenda Ndola, asifike salama. Habari hizi zimeandikwa na wengi, na zitaandikwa tena. Mimi nawafuata watu wadogo na ndege ndogo.

Lugha yetu ina neno rubani, na neno hili halikuzaliwa hewani. Asili yake ni Kiarabu, na kabla ya kuwako eropleni lilikuwa jina la mtu anayekaa mbele ya jahazi kuongoza njia kati ya miamba na mafungu, ambaye maarifa yake makubwa hayakuwa ya tanga wala ya upepo, maana hayo ni ya nahodha, bali yalikuwa maarifa ya kilichomo chini: wapi pana mchanga, wapi pana jiwe, wapi chombo kikipwelewa kitasubiri maji yajae na wapi kitapasuka. Watu waliolihamisha neno hilo hadi kwenye ndege walifanya jambo la hekima, pengine bila kukusudia. Kwani rubani wa ndege ndogo, hata leo, hupita siku zake zote akiitazama ardhi kwa jicho la mtu anayetafuta pa kupwelewa.

Wale wa kwanza walioruka katika Kongo walilijua jambo hili vyema, na kwa kuwa hawakuziamini injini zao walifuata maji. Mwaka 1916, katika vita vya Wazungu, Wabelgiji walileta ndege nne za Short zenye maboya badala ya magurudumu, zilizotolewa na Waingereza, wakazisafirisha vipande vipande hadi kando ya Ziwa Tanganyika, wakaziunga karibu na kiziwa cha Tongwe, na tarehe 10 Juni rubani Aimé Behaeghe akavuka ziwa akaangusha mabomu Kigoma, kwenye meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen. Behaeghe hakurudi kwao. Alifariki Niemba, Desemba ya mwaka huo huo. Baada ya vita, kati ya 1920 na 1922, palikuwa na shirika lililopewa jina la Mfalme Albert, likirusha ndege za Lévy-Lepen, ambazo tumbo lake ni mashua, juu ya Mto Kongo kutoka Leopoldville hadi Stanleyville. Mto ulikuwa njia na ulikuwa kiwanja pia, kwa sababu mtambo ukizimika ghafula rubani hakuwa na haja ya kutafuta mahali: maji yalikuwa chini yake, mapana, yamenyooka, hayana gogo isipokuwa lile linaloelea.

Katanga haina mto wa namna hiyo. Lualaba huko juu hupita katika mabonde membamba na maporomoko, Lufira vile vile, na uwanda uliobaki ni miombo tupu, siku nzima ya mwendo na siku nyingine tena. Msitu huo, ukitazamwa kutoka juu katika miezi ya mvua, hudanganya macho, maana majani yake huonekana laini na yamelala sawasawa kama godoro lililotandikwa, na mtu asiyejua angedhani ndege ikitua juu yake itazama taratibu na kusimama. Chini ya majani hayo ndipo penye mashina, na kati ya mashina ndipo penye vichuguu.

Wa kwanza kukabiliana na vichuguu kwa ajili ya ndege walikuwa watu wa upande wa pili wa mpaka. Vita vilipokwisha, serikali ya Uingereza ilipeleka vikosi vitatu vya wapimaji kuifungua njia ya hewa kutoka Cairo hadi Rasi ya Tumaini Jema, na moja ya vituo vilivyochaguliwa ilikuwa Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, mahali ambapo msitu wake na udongo wake ni wa Elisabethville hasa, kwa kuwa mchwa hawakushauriwa mipaka ilipochorwa. Hapo Ndola, tangu Aprili hadi Agosti 1919, watu 700 walifanya kazi ya kuvunja vichuguu na kuchukua udongo wake, na hesabu iliyotolewa ilikuwa kiasi cha tani 25,000. Nawaomba wasomaji waikalie kitako hesabu hiyo, kwa maana aliyeandika habari za safari za hewa za miaka ile hutaja aina ya ndege, na nguvu ya injini, na jina la rubani na la mkewe, ilhali tani 25,000 za udongo mgumu kama saruji, zilizokatwa kwa sururu na kubebwa, hupewa mstari mmoja, na wale 700 wakahesabiwa bila kutajwa majina.

Ukipenda kuipima kazi hiyo, chukua kiwanja kidogo kabisa ambacho ndege ya siku zile ingekubali, tuseme urefu wa mita 600 na upana wa mita 50, yaani hekta tatu. Katika miombo ya Katanga ya Juu hekta tatu zina vichuguu tisa hata kumi na vitano, na kikubwa kimoja kina mamia ya mita za ujazo. Na kikishavunjwa, malkia asipopatikana, hujengwa tena. Waliokuwa wakifyeka waliujua udongo huo tangu zamani za babu zao, kwa sababu wafuaji wa shaba wa Katanga waliutumia kujengea tanuri zao, kwa kuwa hauyeyuki wala haupasuki upesi motoni. Wageni nao wakajifunza kwamba kichuguu kikisagwa na kushindiliwa hutoa sakafu nzuri, wakakitandaza kwenye viwanja vya tenisi na barabara, na viwanja vya ndege pia. Hivyo kilichoizuia ndege kutua ndicho kilichofanywa zulia lake.

Njia hiyo ya kwenda kusini ilipojaribiwa mwaka 1920, ilionekana kwamba viwanja ni nusu tu ya shauri. Ndege ya Vickers Vimy iliyotumwa na gazeti la *The Times* la London, ikiwa na marubani Cockerell na Broome pamoja na mtaalamu wa wanyama Chalmers Mitchell, ilifika Tabora. Na tarehe 27 Februari, ilipokuwa ikiondoka, injini yake moja ilipungukiwa nguvu, ndege ikaanguka ikavunjika isifae tena, ingawa watu walitoka wazima. Siku nane baadaye, tarehe 6 Machi, Van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini, waliokuwa wamekwisha pita Ndola, walivunja ndege yao pale Bulawayo walipokuwa wakiondoka. Na mwaka 1928 Lady Mary Bailey, akiruka peke yake katika ndege ndogo ya Moth kutoka London kwenda Rasini, alivunja yake Tabora hiyo hiyo, akaletewa nyingine, akaendelea mpaka mwisho wa safari na kurudi kwao.

Je, Tabora na Bulawayo zina uchawi gani? Hazina uchawi ila kimo. Tabora iko mita 1,200 juu ya bahari, Bulawayo imezidi kidogo, na Lubumbashi iko kati yao. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hula ile inayoikuta, kwa hiyo hupoteza kiasi cha sehemu tatu katika mia za nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Joto huizidishia hewa wepesi. Mchana wa Oktoba, mwezi ambao watu wa Lubumbashi huutaja kwa kufuta jasho, kipimajoto kikisoma digrii 33, ndege iliyo Luano husikia kama iko kwenye mlima wa mita 2,200 hivi, na injini yake hutoa nguvu pungufu kwa karibu moja ya tano hata kama ni mpya na haina kasoro, nazo mbawa hazipati hewa nzito ya kushika na rafadha haipati ya kukata. Marubani wa Ulaya, waliojifunzia karibu na bahari, walifika na vipimo vya kwao. Walivuta usukani pale walipozoea kuuvuta, ndege ikakataa, na mbele yao palikuwa na miti.

Ubelgiji ilikuwa na sababu yake ya kutaka njia ya hewa hadi Katanga. Shaba ilikuwa Elisabethville na serikali ilikuwa kwenye Mto Kongo, na baina yao reli haikuunganika: ilifika Bukama mwaka 1918, lakini kipande cha kutoka hapo hadi Ilebo, mji ulioitwa siku zile Port-Francqui, hakikukamilika mpaka 1928, hivyo barua ya gavana ilipitia garini na merikebuni na mabegani mwa watu kwa majuma. Ndipo Edmond Thieffry, aliyekuwa rubani wa vita, alipoondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Joseph De Bruycker, katika ndege ya Handley Page yenye injini tatu, moja kubwa puani na mbili ndogo baina ya mbawa. Wakafika Leopoldville tarehe 3 Aprili. Safari ilikuwa siku 51, na katika siku hizo walikuwa hewani saa 75 tu. Zilizobaki zilikwenda katika kungoja na kutengeneza, na mimi naiona hesabu hii kuwa maelezo kamili ya urukaji wa wakati ule kuliko sifa zote zilizoandikwa juu yake.

Injini tatu hazikuwekwa kwa ajili ya mbio. Zilipoanza safari za Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, ndani ya Kongo, katika njia iliyotoka Boma kupitia Leopoldville, Luebo na Bukama hadi Elisabethville, jumla ya kilomita 2,288, wahandisi walitumia ndege za namna hii kwa kuwa moja ya injini ikifa zile mbili zingeweza kuivuta ndege walau ifikie mahali pa wazi. Na mahali pa wazi palikuwa lazima patengenezwe. Kando ya njia ile vilifyekwa viwanja vya dharura, ambavyo ndege isingetua siku njema hata moja, na watu wa vijiji wakatakiwa kuvilinda majani yasikue na kichuguu kisiote tena. Tafakari maana yake: kijiji kilichopo siku nyingi mbali na Elisabethville, kisicho na mtu aliyepata kupanda eropleni wala kutumaini kuipanda, kinashughulika msimu baada ya msimu kusafisha uwanja kwa ajili ya mtu ambaye huenda asije kabisa, na akija atakuwa amekuja kwa msiba. Katika Kiswahili cha kale ndege ni jina la fali pia, na husemwa ndege njema na ndege mbaya. Sijui kama wanakijiji wale waliyatafakari maneno hayo, lakini hali yao iliyajumlisha yote mawili.

Inafaa sasa nieleze kwa nini injini hufa, maana watu wengi hudhani hupasuka kwa kishindo, na hilo hutukia mara chache. Aghalabu hufa kwa jambo dogo. Petroli ya Katanga ililetwa kwa mapipa, na pipa lililokaa jua la mchana na baridi ya usiku wa Juni, likiwa nusu tupu, huvuta hewa yenye unyevu na kuigeuza maji, nayo maji kwa kuwa mazito hukaa chini, mahali hasa panapotoka mrija. Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani walichuja petroli kwa ngozi laini iliyotandazwa juu ya faneli, kwani ngozi ya namna hiyo huipitisha petroli na kuyazuia maji, na fundi aliyeona uvivu kuchuja tangi la mwisho jioni alikuwa amekwisha andika hukumu ya mtu mwingine. Rubani mwenye adabu hufanya hata leo jambo lile lile kwa njia fupi: kila asubuhi kabla ya kuwasha hukinga petroli kidogo katika kikombe cha kioo kutoka chini ya tangi, akakiinua mbele ya jua atazame kama mna tone linalokimbia peke yake.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi, nalo ni barafu katika nchi isiyo na barafu. Ndani ya kabureta hewa hupita mahali pembamba ikaenda mbio, petroli hugeuka mvuke, na mambo hayo mawili huondoa joto kiasi cha digrii 20 na zaidi. Hivyo katika siku ya masika yenye unyevu na joto la wastani, ambayo mtu chini hatafuti hata shuka, maji yaliyomo hewani huganda kwenye koo la injini na kulifunga kidogo kidogo. Rubani husikia sauti inashuka, hana moshi wala harufu ya kumwonya. Dawa yake ni kuvuta kishikio kinacholeta hewa ya moto; lakini dawa hii ni chungu, kwa maana barafu inapoyeyuka injini humeza maji, hukohoa vibaya kuliko kwanza, na mwanafunzi akitishika hukirudisha kishikio akifikiri amekosea, hali uzima ulikuwa umebaki nusu dakika. Yapo na mengine: plagi zilizochafuka, magneto iliyopata unyevu, ingawa injini ya ndege huwa na magneto mbili na kila silinda plagi mbili, na lipo lile la aibu, nalo ni petroli kwisha, au kuwamo katika tangi la kulia ilhali ufunguo umeelekezwa la kushoto.

Jambo la mwisho halikuwaacha hata mashuhuri. Mwaka 1931 Ernst Udet, Mjerumani aliyekuwa shujaa wa hewani katika vita, aliishiwa petroli akatua katika mabwawa ya Nile huko Sudan, na aliyemtafuta mpaka akamwona ni Tom Campbell Black wa Wilson Airways, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake limebaki katika kiwanja cha ndege ndogo cha mji ule. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, aliondoka Uingereza tarehe 4 Septemba 1936 kuivuka Atlantiki peke yake kuelekea magharibi. Matangi yake hayakuwa matupu, lakini barafu iliziba matundu ya hewa petroli isiteremke, injini ikanyamaza alipoiona nchi kavu ya Kanada, naye akatua katika tope la Baleine, pua ya ndege ikazama, akatoka na jeraha la kichwa. Mtu aweza kusema alishindwa kufika New York. Mimi nasema alijua kutua, na hiyo ni elimu mbali na kuruka.

Elimu yenyewe ina masharti machache na magumu. Ndege iliyozimika haianguki kama jiwe. Huteleza hewani, na ndege ndogo ya injini moja husonga mbele mita tisa kwa kila mita moja inayoshuka, kwa sharti kwamba rubani aishushe pua na kuutunza mwendo wake. Basi aliye mita 1,000 juu ya msitu ana kilomita tisa za kuchagua, na aliyepoteza injini mita 100 baada ya kuondoka hana hata moja, na nyuma yake kiwanja alichotoka kinamwita. Wito huo umeua wengi kuliko msitu. Kugeuka kunakula kimo, ndege inayogeuzwa polepole sana karibu na ardhi huachwa na mbawa zake, na kwa hiyo wafundishaji wote husema: mbele, mbele tu, kushoto kidogo au kulia kidogo, upepo usoni. Katika miombo mtu hutafuta dembo, yaani lile bonde la majani lisilo na miti ambalo hujaa maji masika na kukauka kiangazi. Asipolipata, hutafuta barabara. Akikosa barabara, huipitisha ndege kati ya miti, mbawa zikatike na kuumaliza mwendo kabla ya kiti chake kufika. Mti huinama na kuvunjika. Kichuguu hakiinami.

Thieffry hakufa kitandani. Alirudi Kongo kutafuta njia za hewa za ndani, na tarehe 11 Aprili 1929 alianguka karibu na Ziwa Tanganyika. Sabena ilipofungua safari ya daima kutoka Ubelgiji hadi Kongo, tarehe 23 Februari 1935, ndege ya kwanza iliandikwa jina lake. Kuanzia hapo ndege zilikuwa kubwa, injini zikawa za kuaminika, njia zikanyooka, na vile viwanja vya dharura vikaachwa kwa majani na mchwa.

Lakini ndege ndogo hazikwisha, kwa kuwa Katanga haikufupika. Misheni na makanisa, hususan Kanisa la Methodisti, waliendelea kuzitumia kwa wagonjwa, walimu na dawa. Na MAF, shirika la ndege za kimisheni, lilifanya vivyo hivyo. Tatizo lao halikuwa injini tu, lilikuwa kinywaji cha injini: petroli ya ndege ilizidi kuadimika na kughali katika Afrika nzima, ikarudi kuuzwa kwa pipa, na pipa likarudi na maji yake. Hilo ndilo lililowapeleka kwenye ndege za turbini kama Cessna Caravan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982, ambayo hunywa mafuta yale yale ya ndege kubwa na haina kabureta ya kugandisha. Hata hivyo injini yake ni moja, na viwanja inavyotua vijijini vimefyekwa kwa jembe, na asubuhi ya safari wako watoto wanaofukuza mbuzi, na mzee anayetembea kutoka mwanzo hadi mwisho akitazama kama udongo umeanza kuinuka mahali.

Luano penyewe, rubani anayeondoka leo na injini moja hana mbele yake kile walichokuwa nacho waliomtangulia. Zamani palikuwa na mashamba ya mahindi na vichaka, na dembo hapa na pale. Sasa Annexe inajengwa, Luwowoshi na kwingineko, na aliye katika mita 100 za kwanza haoni chini yake ila mabati. Nyumba hizo ni za matofali ya kuchoma, na watu wa huko hawatafuti udongo mbali. Hukichukua kichuguu kilicho karibu, hukikata kuanzia juu, huukanda udongo wake na kuumimina katika kalibu za mbao, hupanga matofali kama tanuri na kuyawashia kuni za miombo siku kadhaa mchana na usiku. Na kipande kisichofaa kwa tofali huuzwa sokoni, kikatafunwa na mama wajawazito. Kichuguu kimoja kikubwa hutoa nyumba, na wakati mwingine na ukuta wake. Nacho kikikwisha hubaki shimo la duara, upana wake mita kumi na tano, mvua ikalijaza, na vyura wakalia humo usiku kucha mwisho wa njia ya kurukia ndege.